Sera ya Misiba

Siku kiwanda cha mwani cha Micheweni kilipofunguliwa, kila aliyepewa kipaza sauti alitamka neno uwekezaji, na mmoja wao alilipenda hata watoto wakawa wanalitamka kabla yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema mwingine, na watu wakapiga makofi, maana methali hiyo haijawahi kumponza mtu jukwaani. Utepe ukakatwa. Ukuta wa kiwanda ulikuwa umepakwa rangi ya buluu upande unaotazama barabara, na upande unaotazama bahari ukaachwa vile vile, kwa kuwa samaki hawakualikwa.

Kabla ya hapo wanawake wa Micheweni walilima mwani ufukweni, wakauanika juu ya mawe, wakamuuzia mnunuzi aliyekuja na mizani yake mwenyewe. Sasa ungeoshwa, ukachemshwa, ukakaushwa na kusagwa papo hapo, kisha upelekwe Ulaya ukatiwe kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Watu walifurahi. Hawakuwa wakijua miaka yote ile kwamba wanalima aiskrimu.

Khairat Hamdan alipata kazi ya Afisa Rasilimali Watu. Alikuwa na shahada kutoka Dodoma, talaka moja, na mama, Bi Siti, ambaye alilima mwani mpaka magoti yakamkatalia. Baba alikwisha kufa zamani na ndugu hakuwa nao. Alipomweleza mama yake cheo alichopewa, Bi Siti aliuliza hiyo rasilimali watu ndiyo nini. Khairat akamwambia kwamba watu nao ni mali ya kampuni, kama mashine, na wanataka kutunzwa.

"Aka," akasema Bi Siti. "Na mashine hufiwa?"

Lilikuwa swali la kupitisha wakati tu, lakini ndilo lililokuja kukisumbua kiwanda kuliko kitu kingine chochote. Umeme ulipokatika kulikuwa na jenereta. Maji yalipopungua kulikuwa na kisima. Kwa misiba hakukuwa na kitu. Si kwamba watu wa Micheweni walikufa kupita wengine; walikufa kwa kiasi. Ila kila alipokufa mmoja msikiti ulitangaza, na baada ya tangazo kiwanda kilibaki na meneja, paka, na mlinzi wa getini, na mlinzi naye amekwisha kuvaa kofia yake ya mazikoni.

Walikuwa na sababu. Kaburi la Micheweni halichimbwi, linachongwa. Ardhi ni jiwe lenye udongo wa kusingiziwa juu yake, na ukitaka shimo la mtu mzima lazima vijana wenye mitaimbo wapokezane, huyu akichoka yule ashike. Maiti naye hawekwi. Akifa alfajiri, jioni awe amekwisha kusitiriwa. Wanawake huosha, wengine hupika, wengine hukaa tu, na huko kukaa ndiko wafiwa wanakokukumbuka zaidi. Kwa hiyo watu wa huko wakitaka kukwambia jinsi walivyo karibu na mtu, hawataji damu. Husema, yule tunazikana.

Bingwa wa mitaimbo alikuwa Mabruki, kijana wa maneno machache na mabega mapana, na kiwandani alikuwa msimamizi wa tangi la kuchemshia. Tangi hilo wafanyakazi waliliita Bi Harusi, kwa sababu halikutaka kuachwa peke yake. Mwani ukichemka bila kukorogwa huganda wote, na ukishaganda hauwi aiskrimu wala kitu kingine. Katika mwezi wa kwanza Bi Harusi aliachwa peke yake misiba mitatu, na msiba wa tatu mwani ulitolewa ndani yake kwa sururu.

Meneja, Bwana Marek, alikuwa mpole. Kiswahili alijifunzia kwenye simu kabla hajafika, nacho kilikuwa safi kiasi cha kuwatia watu wasiwasi. Hakumgombeza mtu. Alimwita Khairat ofisini, akasimama mbele ya ubao na kalamu mkononi, akauliza:

"Ndugu ni nani?"

Khairat akamwambia. Marek akawa anachora mistari: huyu mtoto wa ami yake yule, huyu mke wa kaka yake mama mdogo wa yule pale. Ubao ulipojaa alibaki mtu mmoja tu nje ya ukoo, dereva wa lori, mwenyeji wa Jadida kule Wete. Marek akamzungushia duara kwa furaha. Hapo Khairat akakumbuka kwamba shangazi wa dereva aliolewa Micheweni, tena nyumba ya jirani na kiwanda. Marek akaufuta ubao.

"Kwetu pia ilikuwa hivi," alisema. Kwao ni nchi moja ya Ulaya ambako zamani kila kitu kilikuwa cha serikali, kuanzia reli mpaka sindano. Kisha serikali ikachoka, wakaja wageni na mitaji. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu. Kijiji kizima kilikuwa kikiacha kazi kwenda kuzika, mpaka wenye mtaji walipoleta utaratibu. "Watu walilalamika, halafu wakazoea. Baba yangu tulimzika watu sita. Wanne walikuwa wa kampuni ya mazishi. Walikuwa hodari sana. Tulimaliza upesi."

Alisema hayo kama anayetoa ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Kisha akamwambia lile ambalo Khairat alikwenda nalo nyumbani: wenye kampuni walikuwa na eneo jingine, katika nchi nyingine, ambako mwani unaota vizuri na watu hufa kwa utaratibu. Bi Harusi akigandisha tena, mashine zitafunguliwa na kupakiwa melini.

Khairat hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema kabla hajafanya aliyoyafanya. Aliwafikiria wanawake waliokuwa wakipokea mshahara wa mwisho wa mwezi kwa mara ya kwanza maishani mwao. Asya wa kitengo cha kuosha alikuwa ameng'oa makuti na kuezeka bati, na mvua ikinyesha alikuwa akiwaalika majirani waje kuisikiliza. Khairat akaona bora watu wakose maziko kuliko wakose kazi. Akakaa akaandika sera.

Ilikuwa sera fupi. Mfanyakazi atapewa ruhusa ya siku tatu akifiwa na baba, mama, mume, mke au mtoto. Misiba mingine yote itahudhuriwa wakati wa mapumziko au baada ya kengele ya saa kumi. Atakayetoka kabla atapewa barua ya onyo, na barua ya tatu itakuwa ya kwaheri. Aliisoma mbele ya wafanyakazi wote uwanjani, akauliza kama kuna swali.

"Na alonnyonyesha, Bi Khairat?" aliuliza Asya. "Mama yangu alikuwa hana maziwa, nkanyonyeshwa na Bi Zuweina."

"Huyo hapana."

"Na mke mwenza?"

Khairat akafikiri. "Hapana."

"Hilo sawa," alisema Asya. "Mie wangu akifa, siku hiyo ntakuja kazini mapema."

Watu wakacheka, na Khairat akaona mambo yanakwenda vizuri. Ndipo Mabruki akanyoosha mkono.

"Na jirani?"

"Jirani si jamaa, Mabruki."

Alilisema kwa Kiswahili cha ofisini, na kicheko kikaishia hapo. Mabruki alimtazama kama anayetazama nyumba yake mwenyewe asiione mlango. Kisha akashusha mkono, akarudi kwenye tangi.

Habari zilifika nyumbani kabla ya Khairat. Bi Siti alikuwa barazani, miguu ameinyoosha, anachambua mchele.

"Wanambia mie nikifa, weye ndo utakayekuja."

"Ndiyo, mama. Mimi nina ruhusa."

"Na kaburi utachimba weye?"

"Vijana watakuja baada ya kengele."

"Kengele saa ngapi?"

"Saa kumi."

Bi Siti akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani. "Nilale hapo mpaka saa kumi, na joto hili. Haya. Jumapili hamfanyi kazi?"

"Hatufanyi."

"Basi tajitahidi nife Jumapili."

Alisema bila kinyongo, kama mtu aliyeambiwa duka linafungwa mapema akapanga safari yake. Khairat alimkanya asiseme maneno hayo, na Bi Siti akajibu kwamba si yeye aliyeyaandika.

Mabruki alipata barua ya kwanza kwa kaburi la seremala wa mtaani kwao, na ya pili kwa kaburi la mwalimu wake wa chuoni, aliyemfundisha alifu na be. Zote mbili Khairat aliziandika kwa mkono wake. Mabruki alizipokea kwa heshima, kama anayepokea sahani ya pilau shughulini, akashukuru. Baada ya hapo Bi Harusi hakuachwa tena peke yake. Wenye kampuni wakatuma pongezi kutoka Ulaya, na Marek akazibandika ukutani, karibu na sera.

Miezi ikapita. Jumamosi moja Bi Siti alishikwa na homa na kifua kikabana. Daktari alimsikiliza mgongo, akasema umri, akaandika dawa. Jumapili asubuhi alimwita mwanawe.

"Leo siku gani?"

"Jumapili, mama."

"Mmh."

Akajinyoosha kitandani, akajifunika kanga mpaka kidevuni, akafumba macho, akangoja. Alingoja kutwa nzima. Magharibi alifumbua jicho moja, akaona dari ni ile ile, akaomba uji.

"Haikuwa," alisema. "Nlijaribu."

Khairat alicheka, kisha akatoka uani akalia, na alipomaliza akarudi kumnywesha uji. Jumatatu Bi Siti alikuwa na nafuu, akawagombeza kuku. Jumanne alfajiri, baada ya adhana, alifariki.

Msikiti ukatangaza. Kabla jua halijapanda uani pakajaa watu, na viatu vikajaa mlangoni. Asya alikuja, Mabruki alikuja, wote wakiwa na sare zao za buluu, kila mmoja akimpa Khairat mkono na kumwombea subira. Khairat alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango wa chumba alimolazwa mama yake, na kwa muda akasahau kila kitu ila huzuni yake. Kisha kengele ya saa moja ikalia kule kiwandani. Aliijua ile kengele. Sauti yake aliichagua yeye mwenyewe kati ya sauti kadhaa, kwa kuwa aliiona ndiyo ya upole.

Watu wakasimama. Viatu vikaondoka mlangoni jozi baada ya jozi, mpaka vikabaki vyake, vya bibi watatu wakongwe, na ndara za Mzee Ridha.

Mzee Ridha alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Mkewe alikufa, mwanawe yuko Mombasa na hapigi simu. Kiwandani hawakumchukua kwa sababu ya umri, kwa hiyo alikuwa mtu pekee wa mtaa ule asiyeongozwa na kengele. Alivaa ndara zake, akachukua mtaimbo wa Mabruki uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaupima uzito, akaurudisha, akachagua mdogo zaidi.

"Nakwenda kuanza, mwanangu," alimwambia Khairat. "Jiwe lanijua."

Basi hali ilikuwa hiyo. Mama amelala chumbani, nje kuna jiwe, na juu ya jiwe kuna mzee mmoja anayelipiga taratibu, kon, halafu kimya kirefu, halafu kon. Khairat aliisikia mpaka ndani. Alijua kwa mwendo huo Bi Siti hazikwi leo wala kesho. Simu ikalia. Alikuwa Marek.

"Pole sana, Khairat. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Chukua siku zako tatu. Unahitaji chochote?"

Alihitaji watu. Neno lilikuwa fupi tu, na Marek angekubali, maana alikuwa mpole na sera ni ya Khairat. Lakini kila alipotaka kulisema aliiona barua ya pili ya Mabruki, na sahihi yake mwenyewe chini, ya wino wa buluu, imepinda vizuri. Mwalimu wa chuoni wa Mabruki alikuwa na watu wanne kaburini, na walimaliza magharibi. Je, mamake Khairat ndiye awe na watu wote? Aliona haya, na haya hiyo ilikuwa nzito kuliko alivyodhani haya inaweza kuwa.

"Hapana," alisema. "Asante, Bwana Marek."

Akaiweka simu chini, akaanza kufikiri jinsi atakavyomwosha mama yake na bibi watatu ambao mmoja wao haoni.

Saa tatu kengele ikalia tena. Ilikuwa ya chai, ya kitengo cha kuosha. Kabla haijamaliza mwangwi wake Asya aliingia mlangoni anahema, na nyuma yake wanawake wengine wa kitengo, mikono wameishaikunja.

"Maji ya moto yapo?" aliuliza. "Haya, Bi Khairat, pisha hapo. Tuna nusu saa."

Walimwosha Bi Siti vizuri. Hilo Khairat hakuweza kulilalamikia, si siku ile wala baadaye. Walimwosha kwa mpango, huyu anamimina, huyu anashika, huyu anapitisha pamba na karafuu maiti, kama walivyokuwa wakiupitisha mwani kwenye meza ndefu za kiwanda. Hakuna mkono uliogongana na mwingine. Hakuna aliyesimama kumwangalia usoni marehemu akakumbuka jambo. Zamani kuosha kulichukua muda mrefu, kwa sababu katikati mtu alilia, mwingine akamtuliza, mwingine akasema huyu bibi alinikopesha sukari siku ya Idi. Walipofika kwenye kufunga sanda kengele ikalia, na Asya, aliyekuwa amekwisha kufunga kichwani na kiunoni, akaliacha fundo la miguuni.

"Malizia hilo, mwaya," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. Akatoka mbio, mikono inatiririka maji.

Khairat akafunga fundo la miguuni. Lilimchukua muda.

Na huko makaburini, alikuja kuambiwa baadaye na Mzee Ridha, mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mabruki alikuwa amepanga. Kitengo cha kukaushia kilikuja kwa mapumziko yake kikachonga, kikaondoka. Kitengo cha kusagia kikaja kikashika mitaimbo ingali na joto la mikono ya wenzao. Chakula cha mchana kilikuwa cha wote, na wote hawakula. Dereva wa Jadida alijitolea kumkorogea Bi Harusi kama Mabruki alivyomfundisha, kwa kuwa yeye si fundi wa jiwe, na Mabruki akaja mwenyewe kuchonga mwanandani, pale chini anapolazwa maiti. Bi Siti akaswaliwa, akabebwa kwa mwendo wa haraka, akashushwa. Shehe akasoma talkini, akaifupisha. Wakati udongo unarudishwa kengele ikalia, na Mzee Ridha akabaki peke yake na koleo na tuta lililofika nusu.

"Nlikuwa na kisa cha mama yako," alimwambia Khairat. "Kile cha mizani. Nlikianza kwa hawa wa kukaushia, wakaondoka. Nikakianza kwa wa kusagia, wakaondoka. Mchana nkakianza tena, sikufika hata kwenye mizani."

Lakini hayo yalikuwa ya jioni. Mchana ule Khairat alisimama mlangoni akawaona vijana wanarudi, nusu wanatembea nusu wanakimbia, nywele nyeupe kwa vumbi la mawe. Kila aliyepita alisema Mungu akupe subira bila kupunguza mwendo. Mabruki alikuwa wa mwisho.

"Mmemaliza?" Khairat alimuuliza.

"Mzee Ridha amalizia."

"Mngekaa kidogo, Mabruki."

"Barua mbili n'nazo, Bi Khairat," alisema Mabruki. "Ya tatu sitaki weye upate taabu kuiandika, na una msiba."

Hakusema kwa ubaya. Khairat alimwangalia akishuka barabarani mpaka akaingia getini, na hapo ndipo alipolia kama mtoto, peke yake, mlangoni kwake, mchana wa jua kali, na mtaa mzima hauna mtu wa kumwambia basi.

Jioni Marek alikuja na katoni ya juisi. Alikaa mkekani kwa muda alioona unafaa.

"Nilikuwa nikitazama dirishani," alisema. "Hakuna kitengo kilichosimama hata kidogo. Ni jambo la ajabu, Khairat. Mama yako amezikwa na watu wote, na hatukupoteza chochote."

"Ndiyo," alisema Khairat.

"Kwetu ilituchukua miaka mingi kufika hapa."

Asya na wenzake walikuja baada yake, wakakaa, wakashika tasbihi. Walikuwa wamesimama kutwa. Muda si muda walikuwa wamelala pale pale, wamekaa wima, tasbihi mikononi. Khairat akatoka barazani. Mzee Ridha alikuwa bado yupo.

"Kisa cha mizani," Khairat alisema. "Nisimulie mimi."

Akamsimulia. Yule mnunuzi wa zamani mizani yake ilikuwa ikipunguza, kila mtu anajua na hakuna wa kusema. Siku moja Bi Siti akamwambia, hebu panda weye. Mnunuzi akakataa, wanawake wakamzunguka, akapanda. Mizani ikasema kilo thelathini. Mtu mzima, na tumbo lile. Bi Siti akaitazama mizani, akamtazama mtu, akasema: ama weye u mtoto mdogo, na sie hatufanyi biashara na watoto, ama hiki chombo chako chaongopa. Chagua. Mnunuzi akachagua, na tokea siku hiyo akaja na mizani nyingine.

Kilikuwa kisa kizuri, na Khairat hakuwahi kukisikia. Alikicheka mpaka mbavu zikamuuma, na Mzee Ridha naye akacheka, akatoka jasho, akajifuta kwa pindo la kikoi. Kisha akaenda zake kulala, maana mikono ilikuwa imemtoka malengelenge.

Marek aliandika ripoti. Wenye kampuni waliipenda, wakaupa utaratibu ule jina, Mfano wa Micheweni, wakauliza kama unaweza kupelekwa kwenye maeneo yao mengine. Kila palipotokea msiba Mabruki alipanga zamu, kengele zikalia, watu wakaoshwa na kuzikwa ndani ya mapumziko, na aiskrimu ya Ulaya haikupungukiwa. Khairat alipandishwa cheo. Alianza kula chakula cha mchana akiwa amefunga mlango.

Mzee Ridha alikufa asubuhi moja ya Jumatano, barazani kwake, amekaa. Msikiti ulitangaza wakati kazi imeshaanza. Kupitia kioo cha ofisi yake Khairat aliwaona wafanyakazi wakisimama wima mahali walipo, wakasikiliza jina, wakainua macho kutazama saa ya ukutani. Hakuna aliyesogea mlangoni. Mabruki alichukua kipande cha chaki, akachuchumaa sakafuni karibu na Bi Harusi, akaanza kupanga zamu.

Kitufe cha kengele kilikuwa ukutani, karibu na meza ya Khairat. Alikibonyeza, akakishikilia.

Kengele ililia kwa upole wake. Watu wakatazama saa, wakatazamana, wakaendelea na kazi. Khairat akatoka nje ya ofisi.

"Nendeni," alisema.

"Bado, Bi Khairat," alisema Asya. "Kengele imeharibika."

"Haikuharibika. Nimeipiga mimi. Nendeni mkazike."

Mabruki alikuwa bado amechuchumaa, chaki mkononi. "Na tangi?"

"Tangi halikufiwa."

Marek alikuwa ameshatokea mlangoni kwake. Alitazama saa, kisha watu, kisha Khairat. "Marehemu ni jamaa wa nani?" aliuliza.

"Wangu."

"Baba yako alikufa zamani. Mama yako tulimzika."

"Ulimtazama dirishani akizikwa," alisema Khairat. "Huyu ndiye aliyemalizia. Tunazikana."

Marek alilifikiria neno hilo. Kwenye simu hakufundishwa. "Halimo kwenye sera," alisema mwishowe.

"Nilisahau kulitia."

Bi Harusi akasikika anachemka. Mabruki akaiweka chaki chini, akainuka taratibu, akavua glavu. Asya akavua aproni. Wakatoka mmoja mmoja, kisha wengi, na mlinzi wa getini, ambaye kofia ya mazikoni alikuwa nayo mfukoni siku zote, akalifungua geti lote. Marek alibaki amesimama karibu na tangi. Baadaye ilisemekana kuwa alivua koti akajaribu kulikoroga mwenyewe, lakini kazi ile ina ufundi wake, na mwani uliganda wote siku ile.

Khairat hakutoka nao. Kwanza alirudi mezani, akaandika barua ya onyo kwa jina lake mwenyewe, akaeleza kosa bila kulipunguza, akaisaini kwa wino wa buluu, akaiweka juu ya meza ya meneja. Meli ikija kuchukua mashine, itakuja. Alijua bati la Asya limeezekwa kwa mshahara gani, na alijua kwamba huenda siku hiyo amewavunjia watu riziki. Akajitanda, akaenda msibani.

Mzee Ridha hakuwa na mwanamke wa kumkalia matanga, kwa hiyo wanawake walikaa barazani kwa Bi Siti. Kutoka makaburini mitaimbo ilisikika, mingi, inapishana, na katikati yake sauti za wanaume wanaozungumza na kubishana jiwe lipi lianzwe. Asya alikuwa akichambua mchele. Akamuuliza Khairat huyu mzee siku ya maziko ya Bi Siti alikuwa na kisa gani, maana alikianza mara nyingi na hakuna aliyekipata.

Khairat akainyoosha miguu, akaanza tangu mwanzo. Alipofika kwenye kilo thelathini wanawake walicheka hata wanaume wakasikia huko waliko, na Asya akamwambia arudie hapo, na akarudia.